Mdhamini wa Pili

Nyumba haikuuzwa. Hilo liwekwe sawa kwanza, maana kuna watu mtaani wamekwisha kuigawa vyumba na kumtaja hadi mnunuzi. Mume naye hakununuliwa, na hakuna karatasi ya kughushi iliyopelekwa ofisi ya uhamiaji. Kilichotokea ni kwamba Mwalimu, mjane wa mpima ardhi, alifanya kosa moja la kiburi, akalirekebisha mwenyewe, mchana kweupe. Wenye kutia chumvi, waile wenyewe.

Binti yake ni fundi wa kushona viti vya magari. Mama alimsomesha hesabu akitarajia ofisi yenye feni, lakini binti alipenda cherehani kizito, harufu ya gundi na vumbi la sponji. Leo gari likiingia uani kwake na viti vilivyochanika kama vimepigana na paka, hutoka vimenyooka kama sare ya siku ya kwanza ya shule.

Mume alikuwa dereva wa lori kutoka nchi nyingine, aliyeleta kiti chake kishonwe. Kiti kilichukua siku mbili. Yeye alirudi mara tano. Wakaoana kwa taratibu zote, na vyeti vipo. Ila sheria ilisema hivi: mpaka apate kibali cha ukaazi, asifanye kazi yoyote ya malipo. Basi akawa anashinda karakana amekunja mikono, mwanamume mwenye mabega ya kubeba injini, akimtazama mkewe akivuta ngozi kwa koleo. Mtaa ukampa jina: Bwana Kiti.

"Mwalimu, huyo mkweo ameshonewa hapo kwenye benchi?" alimchokoza jirani yake, Mama Fotokopi, mwenye duka la kutoa kopi mkabala na ofisi ya uhamiaji. "Au mlimnunua pamoja na lori?"

"Wangu akigusa nyundo anafukuzwa nchini," Mwalimu alimjibu. "Wako anaruhusiwa kugusa nyundo mwaka wa ishirini sasa, na mlango wako bado unafungwa kwa kamba."

Ili mume apewe kibali, mke alitakiwa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kumtunza. Hati ya mshahara hakuwa nayo, kwa kuwa mwajiri wake ni yeye mwenyewe. Alikuwa na leseni, risiti za kodi, na taarifa ya benki ya miezi sita iliyokonda kweli kweli, maana wenye magari hulipa taslimu, na pesa hiyo hiyo hugeuka sponji kabla ya jioni.

Mwalimu alipoiona taarifa ile alijisikia kama mtu aliyefikiwa na wageni chungu kikiwa kitupu. Nyumbani kwake hata mgeni wa ghafla huwekewa kitambaa kilichopigwa pasi. Siku tatu kabla ya miadi, bila kumwambia mtu, alitoa benki akiba aliyojiwekea kwa mazishi yake mwenyewe, akaitia yote kwenye akaunti ya binti. Asubuhi ya miadi akamtuma achukue taarifa mpya.

"Mama, hii nini?" binti aliuliza, macho yamemtoka.

"Twende. Hatuingii ofisi ya watu kama ombaomba."

Ofisa wa dirisha la nne, mama mtu mzima mwenye miwani, alishuka na kalamu ukurasa kwa ukurasa, kisha kalamu ikasimama.

"Miezi sita akaunti hii inakohoa," akasema. "Jumatatu imenenepa. Nani kaweka?"

"Mimi," Mwalimu alijibu. "Ni jasho langu, ni halali."

"Sijasema si halali, mama. Nasema si kipato. Kila siku naletewa hapa pesa za kuazima, zinalala siku tatu, zinarudi kwa mwenyewe. Hii siihesabu. Na bila hii, fundi hafikii kiwango." Akamtazama mume, akapunguza sauti kidogo, lakini haikutosha. "Siku kumi na nne. Nileteeni mdhamini wa pili, anayeishi nyumba hiyo hiyo, mwenye kipato cha kila mwezi kinachothibitika. Mkishindwa, bwana arudi kwao, aombe akiwa huko."

Foleni nzima ilisikia. Kabla ya saa sita Mama Fotokopi alikuwa na habari, na kufika jioni nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Mwenye kipato cha kila mwezi nyumbani mle alikuwa mmoja tu. Mwalimu ana pensheni, na chumba cha uani kina mpangaji. Lakini pensheni huthibitishwa kwa barua ya kustaafu, na barua hiyo alikuwa ameifungia kabatini miaka tisa. Mtaa uliamini aliacha kazi mapema kwa sababu mumewe alikuwa na mali. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi kukanusha pia. Barua ilisema kweli yake: ameomba kustaafu miaka kumi kabla ya wakati ili kumuuguza mwenzi aliyepooza. Mpima ardhi yule, aliyekuwa akipita barabarani watu wanampisha, aliishi miaka sita katika chumba cha nyuma akilishwa kwa kijiko, na sharti lake lilikuwa moja: asionekane. Waliobisha hodi waliambiwa yuko safarini. Alipofariki waliambiwa ameugua ghafla.

"Iache, Mama," binti alisema. "Baba alikuomba."

Mkwe akajaribu na maneno yake ya kuokoteza. "Mama, mimi narudi kwetu. Naomba huko. Mwaka mmoja, miwili, nakuja."

"Wewe nyamaza, mwanangu. Hakuna anayefukuzwa mezani kwangu kwa sababu nimeona haya kufungua kabati."

Hakulia. Alikasirika. Alimkasirikia ofisa, akajikasirikia mwenyewe na ile akiba yake, halafu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamkasirikia marehemu. Miaka sita ya kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumnyoa ndevu ili afe akiwa nadhifu, halafu hayo yote yafichwe kama wizi? Aibu iko wapi hapo?

Ofisi ilitaka kopi tatu. Binti alishauri wakazitoe mbali, ng'ambo ya kituo cha mabasi. Mwalimu alivaa gauni lake la kijivu, lile la mikutano ya wazazi, akaenda moja kwa moja kwa Mama Fotokopi. Dukani mlikuwa na wateja wawili.

"Kopi tatu. Lakini soma kwanza."

"Ah, Mwalimu, mimi sisomi karatasi za watu."

"Leo soma. Na kwa sauti, nisije nikasikia kesho uliishika kichwa chini miguu juu."

Mama Fotokopi akasoma. Alipofika kwenye neno "aliyepooza", akaishusha karatasi. "Kumbe marehemu..."

"Alipooza. Nikamlisha mimi, miaka sita. Pensheni yangu ni nusu kwa sababu hiyo, na kiasi chake kiko mstari wa mwisho, usijisumbue kukisia. Nyumba haijauzwa. Haya, washa mashine."

Dirishani, ofisa alijumlisha pensheni, kodi ya chumba na kipato cha binti. Kiwango kilifikiwa, kwa kuponea chupuchupu.

"Ni kidogo, mama," akasema. "Ukisaini hapa, mzigo ni wako pia. Utamudu?"

"Umesoma hapo kwamba niliacha mshahara mzima nikabeba mgonjwa kwa nusu, na mtoto akasoma. Huyu ana mikono na miguu yote. Mpe kibali uone nani atambeba nani."

Ofisa alikohoa kuficha kicheko, akasogeza fomu. Mwalimu alisaini kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kwa herufi.

Kibali kilitoka baada ya wiki tatu. Siku walipokichukua, Mama Fotokopi alitoka dukani, safari hii kwa adabu, akamshika Mwalimu mkono.

"Hongera, dada yangu. Nisamehe ule mdomo wangu. Ila, hebu niambie, siku ile marehemu alipoanguka ilikuwaje? Na mwishoni alikuwa anaweza hata kusema?"

Mwalimu aliutoa mkono wake taratibu.

"Ofisi iliuliza, nikaijibu," alisema. "Wewe sitakujibu. Kwaheri."