Shemeji aliniacha msituni, akamwambia mke wangu niko Holili

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni mtu wa la saba, nikikosea mwandiko nivumilieni, lakini nikikosea ukweli niiteni muongo. Mguu wenyewe bado umevimba, nimeuweka juu ya kiti hapa ninavyoandika.

Na majina nataja. Shemeji yangu Elisamia, kaka wa mke wangu. Na jirani yangu Godlisten. Wote wana simu, watasoma.

Miaka mingi nilikaa Soweto pale Moshi mjini, nabeba mizigo. Mzee alipofariki nikarudi juu mlimani kwenye kihamba chake, migomba na kahawa. Ukipanda mwendo wa saa moja kutoka kwetu msitu unaanza. Ni msitu wa serikali, kuwinda hairuhusiwi. Nakiri mapema, na adhabu yangu mtaiona.

Jumapili iliyopita binti yangu Neema alikuwa na kipaimara. Mliokulia kwetu mnajua, kipaimara cha Kilutheri ni harusi ndogo.

Ijumaa Elisamia akaja na maneno yake. "Shemeji, mbuzi kila mtu anachinja. Wewe walishe watu mbawala, wakuongelee mpaka Krismasi."

Nikaingia mkenge.

Jumamosi asubuhi tukapanda watatu, pamoja na mbwa wa Godlisten anayeitwa Polisi. Mimi nimebeba mkuki wa marehemu mzee. Mpango ulikuwa wao wapite chini na mbwa wamtoe mnyama kichakani, mimi nimsubiri kwenye njia yake.

"Ukisikia Polisi anabweka, mfuate," akasema Godlisten. "Huyu hajawahi kukosea."

Nikakaa. Msitu ule umeshonana, mtu akisimama hatua tano humuoni. Baada ya muda nikasikia kubweka. Nikafuata. Kukabweka tena, mbele kidogo. Nikafuata. Kila nikisogea, naye anasogea.

Wakuu, mbawala dume akishtuka anabweka. Anabweka kabisa kama mbwa. Nina miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa mlimani, na hilo sikulijua. Nilikuwa namfuata mbawala ili anipeleke kwa mbawala.

Ukungu ukashuka. Nikateleza kwenye mizizi, kifundo cha mguu kikageuka, mkuki ukaenda korongoni. Simu haina mtandao. Nikamuita Elisamia mpaka sauti ikakauka.

Sasa sikieni wenzangu walikuwa wapi.

Walisikia watu wanaongea, wakadhani ni askari wa msitu, wakatimua mbio mpaka nyumbani. Hilo ningewasamehe, hata mimi ningekimbia. Lakini mke wangu alipouliza, "Baba Neema yuko wapi?", Elisamia, kaka yake wa tumbo moja, akamjibu bila kupepesa.

"Amepata kazi ya kushusha mahindi Holili, kule mpakani. Atalala huko huko."

Waliogopa kwamba wakisema ukweli watakamatwa. Kwa hiyo hakuna aliyenitafuta. Na mtori wangu wa ndizi wakanywa.

Usiku ule nauruka, hauna utamu. Nitasema kitu kimoja tu. Mahafali ya Neema ya la saba sikwenda, nilikuwa Soweto na magunia mgongoni. Safari hii aliniambia, "Baba, hii usikose." Baridi ya msituni nilikuwa nimeizoea hata kabla hakujakucha. Lile neno sikulizoea.

Kulipokucha nikasikia maji. Mtu wa mjini akisikia maji atafuata mto, na mito yetu inaangukia makorongoni, utakuja kuokotwa mifupa. Mimi nikajikongoja pembeni ya mto nikitafuta mfongo.

Mfongo ni mfereji wa mababu. Unachepusha maji ya mto kule msituni na kuyaleta vihambani, umechimbwa unazunguka mlima taratibu, hauanguki popote. Mto unakwenda unakotaka wenyewe. Mfongo unakwenda kwa watu.

Nikaupata. Pale maji yanapochepushwa kuna jiwe kubwa nimelilaani tangu nirudi, kila siku ya zamu ya kusafisha. Siku hiyo nililipapasa kama ng'ombe wangu.

Na mbele yangu, ng'ambo ya mfongo, yule bwana mwenyewe anakunywa maji. Mbawala dume, mwekundu, madoa meupe ubavuni kama amenyunyiziwa chokaa. Hana haraka. Akainua kichwa akaniangalia, mimi sina mkuki, mguu mmoja, suruali imechanika. Tukaangaliana. Akabweka mara moja, akaingia kichakani.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Hamsini na mbili yote sijawahi kucheka vile.

Nikafuata mfongo. Kihamba cha kwanza nikamkuta Bibi Ndeonasia anachota maji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Si wewe uko Holili?"

"Ndiyo mimi, bibi."

"Basi Holili siku hizi pamekuwa karibu."

Akanipa koti la marehemu mumewe, mabuti yake ya mvua na fimbo. Nikashuka hivyo hivyo mpaka kanisani.

Nikaingia mchungaji anaita majina. Godlisten amesimama anarekodi video kwa simu. Video ipo, na pale ninapoingia picha yote inatikisika. Elisamia amekaa kwenye nafasi yangu, kando ya mke wangu.

Nikamuinamia sikioni. "Shemeji, mahindi nimemaliza kushusha."

Akainuka mwenyewe.

Likaitwa jina la Neema. Akapita, akaona yale mabuti, akaona ni mimi. Akapiga magoti mbele ya mchungaji huku anajizuia kucheka, mabega yanamtetemeka. Hiyo ndiyo picha nitakayoondoka nayo duniani.

Jumatano wakaja wote wawili na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale limefungwa fundo. Kwetu ukiletewa isale unasamehe, hakuna mjadala. Nikapokea, tukanywa. Lakini isale linaondoa kinyongo, haliondoi mdomo, ndiyo maana mnasoma hapa.

Nilichojifunza ni kwamba mnyama wa msituni aliniacha salama, waliouza roho yangu nawajua kwa majina. Na kazi ya wote usiidharau, ule mfongo nilikuwa nausafisha kwa manung'uniko, kumbe najitengenezea njia ya kurudi.

Jana ilikuwa zamu yangu ya kusafisha mfongo. Nikakaa juu ya lile jiwe, wao wawili ndani ya maji na majembe. Elisamia akainua kichwa.

"Shemeji, si ulishapokea isale?"

"Nilipokea. Hapo kushoto kwako bado kuna matope."

Haya, na wewe uliyewahi kuachwa na watu wako, shuka hapa chini utaje majina.