Ndege Iliyokataa Kutua Kanombe

Jamani, nihukumuni ninyi. Mwaka tisini na mbili nilikuwa rubani msaidizi, na asubuhi hiyo nilikuwa nashusha ndege Kigali, uwanja wa Kanombe nikiuona wazi mbele yangu. Ghafla injini zikanguruma, pua ikainuka. Nikasukuma usukani chini kwa nguvu zote. Mtambo wa kujiendesha ukaurudisha juu. Mimi nasema shuka, wenyewe unapaa!

"Kapteni, mtambo iko na wazimu!" nikafoka. "Nani rubani hapa, mimi ao hii chuma?"

Kapteni wangu, mzee aliyekulia Bujumbura, akauzima, akashika usukani mwenyewe, tukazunguka upya. Nyuma abiria walikuwa wanasali rozari kwa sauti. Mimi bado natukana: hata mbuzi ukimkanyaga hulia, lakini mtambo huu unabadili safari bila kuniambia neno!

"Haya, jaribu tena," akasema, akauwasha.

Nikashusha kwa madaha, mkono wa kushoto juu ya vishikio vya injini, dole gumba limelala pale nilipozoea kulilaza tangu kwenye kindege cha mafunzo. Injini zikanguruma tena.

"Unaona? Unaona kiburi yake?"

Kapteni hakuutazama mtambo. Alilikamata dole gumba langu kama anavyokamatwa mwizi sokoni, akaliinua. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kuiamuru ndege iache kutua, ipae.

"Mtambo iko na utii, mwanangu," akasema. "Mwenye kiburi ni huyu hapa."