Koti la Shujaa wa Macalder

Kaka yangu alikuwa mchimba dhahabu Macalder, na jioni, mwanga ukiwa bado upo, alichora katuni. Shujaa wake alivaa koti refu jeusi la mvua, uso kaufunika kwa leso, na kazi yake ilikuwa kuwavizia madalali waliowapunja wachimbaji kwa mizani ya uongo. Koti lenyewe lilikuwa la kaka. Alilitundika mbele yake akalichora hadi mfuko uliochanika.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kutoa kopi Kendu Bay. Alinitumia kurasa za penseli ndani ya bahasha, nami nikapitisha wino juu ya kila mstari wake, kisha nikatoa kopi. Zilisomwa machimboni na sokoni Magunga mpaka zikalegea kama kitambaa. Sifa zote zilikuwa zake. Nilinuna, lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kuchora hata sikio bila penseli yake chini.

Siku shimo lilipomporomokea kaka na kumuua, bahasha yake ya mwisho ilikuwa mezani kwangu. Katika ukurasa wa mwisho shujaa amesimama kwenye mdomo wa shimo, mguu mmoja umeshaingia. Hapo penseli ilikoma. Niliuchukia ukurasa ule. Nilimchukia hata kaka, kwa kuniachia mtu anayeshuka.

Wasomaji hawakuniacha. Walikuja kutoa kopi za vitambulisho, wakauliza: "Huyo msee alitoka kwa shimo?" Miezi ikapita. Mwishowe nikaamua kwamba hakutoka. Nikachora msichana mwembamba, mkaidi, mwenye paji pana kama langu, anaingia nyumbani kwa marehemu, anatungua koti msumarini na kulivaa. Nikampelekea mama ukurasa ule wa shujaa mpya, maana nilitaka angalau mtu mmoja anisifu.

Mama hakujisumbua na maneno; alisoma picha. Aliketi nayo mlangoni, akaliwekea koti kidole.

"Hii koti nani amempea?"

"Amelichukua mwenyewe, mama."

"Nyathina, mwanangu, nguo ya mtu amekufa inachukuliwa hivi, kama ya kuiba? Wewe umekulia wapi?"

Nikaona haya. Hata mtoto wa kwetu anajua kwamba vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya watu, na nguo hutoka mkononi mwa mtu ikaingia mkononi mwa mwingine. Lakini hasira pia ilinipanda. Siku tulipogawa vitu vya kaka, baba mdogo aliliulizia koti lile mara mbili, na mama akasema limepotea. Sote tulijua limo sandukuni mwake. Hakuna aliyethubutu kulitaja.

Nikalitaja. "Na lile lililo sandukuni, mama, wewe umempa nani?"

Nilitamani kuyameza maneno yangu. Mama akainuka, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Akarudi na koti limekunjwa vizuri, matope ya Macalder yangali kwenye pindo. Akalikunjua, akasimama mbele yangu, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Chora vile inapeanwa," akasema. "Na huyo msichana asimame vizuri."

Nikageuza karatasi, nikaanza na vidole vyake, jinsi vilivyoing'ang'ania kola. Chini ya kalamu yangu hapakuwa na mstari wa mtu yeyote. Nililia nikichora, na mama aliniona, lakini hakushusha mikono. Koti lile ni zito. Baada ya muda viwiko vyake vikaanza kuteremka.

"Umemaliza?"

Nilikuwa nimemaliza kitambo.

"Bado kidogo, mama," nikasema, kwa sababu nikisema tayari, ingenibidi nilipokee, naye ingembidi aliachie.