Siku Mama Alipoulizwa Kuhusu Ndoa Yake

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Enzi za Mwingereza alikuja kijijini kwetu, upande wa Makutupora, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichunguza jinsi mume na mke wanavyoishi. Kiswahili alikijua, Kigogo hakukijua. Mama yangu naye, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu dukani kwa Wahindi. Basi mkalimani nikawa mimi, msichana wa shule ya misheni, mwenye mdomo.

Kosa lilianzia hapo. Kwetu mambo ya ndoa unataniana na bibi yako. Mzazi humuulizi ng'o. Sasa mimi nimuulize mama kama anampenda mumewe, na baba huyo kaketi mlangoni anachonga mpini wa jembe? Mgeni aliomba abaki na mama peke yake, lakini baba hakuwa mtu wa kuondolewa kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alijibu nilivyotarajia: analima, analea, anashukuru. Nikapumua. Zizini walikuwamo ng'ombe wa mahari yangu, wameletwa juzi tu. Baada ya mavuno niolewe na mtu mzima, rafiki wa baba. Nilikuwa nimejisemea, kama mama ameweza, nami nitaweza.

Mgeni akauliza la mwisho: "Ungependa binti yako apate ndoa kama yako?"

Nikatafsiri huku nacheka. Mama hakucheka. Alinitazama mimi, si mgeni, akasema kwa Kigogo, "Mwambie hapana. Mwambie mimi nimelia miaka yote, na huyu sitaki alie."

Mama huyu huyu, asiyepandisha sauti hata kwa mbwa. Kisu cha baba kikasimama. Mgeni ananihimiza, "Amesemaje?", nami namtazama baba, nangojea kipigo.

"Mpe jibu lake," baba akasema.

Nikampa. Ndipo baba akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unamtaka yule?"

Sijawahi kushtuka vile. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nikasema simtaki.

Kesho yake baba aliwaswaga wale ng'ombe mwenyewe, akawarudisha, uso chini mbele ya watu. Mama alisimama mlangoni akiwatazama mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani kumpikia ugali wake.