Mzanzibari Aliyefungua Ukuta wa Berlin

Kwa miaka kumi na moja niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Ukuta wa Berlin haukufunguliwa na wakubwa wa Moscow wala wa Washington, bali na Mzanzibari mmoja, sasa mkazi wa mtaa wa Castle Vale hapa Birmingham, aliyekuwa na haraka ya kwenda kulala. Hadithi niliyopewa ilikuwa hivi: usiku ule umati ulipofurika getini na askari wa mpakani hawajui wafanye nini, bwana huyu alipenya mpaka mbele, akamwonyesha ofisa saa yake ya mkononi, akamwambia kwa Kijerumani cha kiwandani, "Ndugu yangu, mimi nina zamu asubuhi. Ama fungua, ama niandikie barua kwa msimamizi wangu." Ofisa hakuwa na karatasi, akafungua. Vita Baridi vikaisha. Msinicheke, wasomaji wangu, maana nanyi mmeshaamini makubwa kuliko haya. Bwana huyo alifariki wiki mbili zilizopita, hapa hapa Birmingham, Mungu amrehemu, na mimi niliyemwonea wivu muda wote huo nimejikuta sina wa kumwonea tena. Ni upweke ambao hakuna aliyewahi kunitahadharisha kuuhusu.

Habari hiyo nilipewa na kinyozi wetu wa Newtown, mtu wa Bukavu, ambaye mashine yake haiwaki mpaka mdomo utangulie. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, wembe uko shingoni, hali ambayo mtu mwenye akili hapingi neno. "Weye unajua ule muzee wa Castle Vale, wa kofia?" akaniuliza. "Njo yeye alifungua ukuta ya Berlin. Vrai, ni kweli, papa! Nakuapia." Nikamuuliza nani kamwambia. "Batu yote banajua. Ni weye tu haujue." Nikaamini papo hapo, na wivu ukanipanda kama malaria, kwa baridi na jasho pamoja. Nilitoka pale nimenyolewa upande mmoja vizuri na upande mwingine sikumbuki.

Mniwie radhi, wivu huo ulikuwa na sababu zake. Mwaka ule ndio nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni. Mchana nilibeba maboksi ghalani Washwood Heath, mengine mazito kama tembo mjamzito. Jioni nilikaa darasani, mimi mzee kuliko mwalimu, tukisoma historia ya dunia baada ya vita kuu ya pili: nani alimtishia nani, nani alitangulia kurusha mtu angani, nani alipeleka makombora Cuba na nani akamlazimisha ayarudishe. Nilifaulu, na cheti nikakitilia fremu kubwa mpaka mke wangu akauliza kama nimenunua dirisha. Lakini mimi ni mzaliwa wa Singida vijijini, mahali ambapo madola makubwa hata yangepotea njia yasingefika. Yeye je? Akiwa mtoto Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo chao kisiwani cha kufuatilia vyombo vya anga, naye akiwauzia machungwa. Mapinduzi yakaja, Wamarekani wakafungasha, wakaingia Wajerumani wa Mashariki kujenga maghorofa ya Michenzani, na wazazi wake wakapewa chumba humo. Ukubwani akapelekwa Berlin Mashariki kufanya kazi ya mashine, mkewe akisomea uuguzi huko huko. Yaani mtu mmoja, bila kuomba, anatembelewa na pande zote mbili za ugomvi wa dunia, halafu mimi nijifunze kwenye karatasi za kutoa kopi! Aliwahi kusema kwamba siku ya kwanza alipoyaona maghorofa ya Castle Vale alidhani wamemrudisha Michenzani. Watu walicheka. Mimi niliuma kijiko.

Nilikiuma kijiko kwa sababu tulikuwa kijiweni. Jumapili alasiri sisi wa Kiswahili hukutana katika ukumbi mdogo wa Newtown: wa bara, wa visiwani, Wakenya, Wakongomani, kila mmoja akiwa na hakika kwamba Kiswahili chake ndicho na cha wenzake ni ajali. Tuna desturi ambayo hakuna anayejua nani aliianzisha. Kikombe cha kwanza cha chai husogezewa mtu ambaye siku hiyo watu wanataka kumsikiliza. Hakuna kura wala tangazo. Mwenye chupa anamimina, anatazama huku na huku, anakisukuma. Kikombe hicho kilikuwa kinamwendea marehemu kila Jumapili, kama kina miguu. Siku niliyopata cheti nilikwenda mapema nikakaa karibu na chupa, karibu kiasi cha kuungua goti. Kikombe kikanipita puani, nikasikia mpaka harufu ya tangawizi, kikaenda zake kwake.

Nilikipata mara moja tu, na aliyenisogezea alikuwa yeye mwenyewe. "Leo mpeni Mwalimu," alisema. Hilo la Mwalimu ndilo jina alilokuwa akiniita tangu nianze masomo, nami nililichukua kuwa ni kejeli, kejeli nzito, ya kupelekana mahakamani. Basi nikasimama. Nilikuwa nimechora ramani ya Cuba kwenye boksi la kazini, makombora kwa wino mwekundu, meli kwa wino wa buluu, nikawaeleza dunia ilivyokaribia kuwa majivu. Nilieleza dakika arobaini. Nadhani hata ukuta ulinisikiliza. Nilipomaliza akanyanyua kidole kama mtoto wa darasa la pili.

"Mwalimu, hebu nambie. Siku zote hizo, watu wa Cuba wenyewe walikuwa wanakula nini?"

Sikujua. Nikaanza kueleza habari za manowari.

"Wacha kuzunguka, mzee," Mkenya mmoja akapaza sauti. "Sema tu hujui!"

Ukumbi ukalipuka kuliko makombora yangu. Halafu yeye, taratibu, akaanza kusimulia jinsi alivyosimama kwenye foleni ya ndizi Berlin, yeye mtu wa Unguja, saa nzima kwenye theluji, akipigania ndizi tatu ambazo kwao angempa mbuzi. Watu walilia kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho akanigeukia. "Na nyinyi wa bara, miaka ile ya njaa, si mlikula yanga?" Wenye umri wangu wanaukumbuka ule unga wa mahindi ya manjano ulioletwa kutoka Marekani. Nikamjibu kwamba niliula, na kwamba tuliutukana, tukisema ni chakula cha ng'ombe wao. "Basi na wewe ulikuwemo, Mwalimu," akasema. "Ama ulifikiri wale walikuwa wanakupenda?"

Leo naona kwamba siku ile alinipa zawadi. Alikuwa ananiambia kwamba ugomvi ule wa wakubwa haukupita pembeni yangu, ulipita tumboni mwangu, ndani ya bakuli la mama yangu, na kwamba nilikuwa na la kusimulia ambalo halimo kwenye kitabu. Siku ile nilichosikia ni kitu kingine kabisa: yeye Berlin, mimi uji wa manjano. Nilirudi nyumbani nikanuna siku tatu. Mke wangu alidhani nimefukuzwa kazi, akanipikia pilau.

Nimefikiri sana tangu msiba huu, na ninaposema sana, mjue kwamba nimefikiri mpaka nimeshuka basi kituo kisicho changu. Darasani tulifundishwa kuuona uhasama ule wa madola mawili kuwa ugomvi wa itikadi, nani amiliki nini na nani atawale vipi, nami sibishi, nilipata alama kwa kusema hivyo hivyo. Lakini mtu mwenye wivu akisoma historia ile anajitambua kila ukurasa. Huyu akirusha chombo, yule halali. Yule akipata rafiki mpya Afrika, huyu anapeleka wahandisi na biskuti kwa jirani yake. Kila mmoja amemkuza mwenzake kichwani mpaka amekuwa jitu, na jitu hilo analilisha yeye mwenyewe kila asubuhi. Na kuna jambo moja nililolijibu vizuri sana kwenye mtihani kisha nikaliacha kwenye karatasi ya mtihani. Baada ya hofu ile ya Cuba, wakubwa wale wawili waliweka njia ya mawasiliano ya moja kwa moja kati ya miji yao mikuu, kwa sababu walishtuka kuona walivyokaribia kuangamizana wakati ujumbe wa mmoja ulikuwa ukimfikia mwingine kwa kuchelewa. Mimi namba ya marehemu nilikuwa nayo kwenye simu. Miaka kumi na moja. Sikuwahi kuipiga nikamuuliza, "Mzee mwenzangu, hivi ile habari ya ukuta ni kweli?" Kuuliza kungekuwa ni kumsogezea kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nadhani wahenga hawakuwa na mshindani kama wangu. Na kwa kuwa yeye naye hakuwahi kuusimulia usiku ule, nikauita ukimya wake maringo.

Siku ya pili baada ya mazishi binti yake alinipigia. Amezaliwa hapa, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo lakini kinafika. "Baba alisema kama kuna kitu cha kuandika, aitwe Mwalimu," akaniambia. "Ni wewe, right?" Nikakaa chini kwenye ngazi. Kumbe lile neno halikuwa kejeli. Walitaka wasifu wa baba yao, usomwe Jumapili siku ya hitima mbele ya kijiwe kizima, kisha wajukuu wawekewe, maana wao Kiswahili wanakisikia tu na babu yao watamjua kwa karatasi hiyo. Yaani marehemu atakuwa vile nitakavyomwandika mimi, mtu wa mwisho duniani aliyestahili kupewa kalamu hiyo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mistari sita. Berlin niliiita "nchi za nje." Viwanda, foleni ya ndizi, Michenzani, vyote nikavifungia humo: "aliwahi kufanya kazi nchi za nje." Nikaisoma, nikaona nimemzika mara ya pili, na safari hii bila sanda. Nikaichana. Ya pili nikaandika yote, na kwa kuwa majuto yangu hayajui kiasi, ukuta nikauweka mzima mzima: umati, saa ya mkononi, ofisa asiye na karatasi. Nikaongeza na mvua.

Nikaipeleka Castle Vale niwasomee kabla ya Jumapili. Mjane yuko eda, hakai na wanaume wa nje, kwa hiyo binti aliketi nami sebuleni na mama yake akasikiliza kutoka jikoni, nyuma ya pazia. Nikasoma kwa sauti ya shule. Nilipofika kwa ofisa wa mpakani, sauti ya vyombo jikoni ikakatika. Nikadhani analia. Kisha nikasikia kicheko, kidogo kidogo, halafu kikubwa, na binti akaniambia kwa mshangao kwamba mama hajacheka tangu wampeleke baba hospitali.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "nani kakwambia hayo?"

"Kinyozi."

"Kinyozi alikuwepo?"

"Hapana, shemeji."

"Mimi nilikuwepo. Mbona hamkuniuliza?"

Kwa wale mnaosoma safu hii mkitafuta funzo, chukueni hapo. Tulikuwa na shahidi wa siku kubwa ya karne, chai aliyotupikia yeye na kutuletea kijiweni tukiinywa kila Jumapili na kumrudishia chupa, na sisi tukijaza ukumbi kwa ya kinyozi. Wivu ulinipa mtu mkubwa wa kumchukia kwa mbali, ukaninyima mtu wa kawaida wa kukaa naye. Ulizeni watu wangali hai, hata kama jibu litawapa wao kikombe. Nikamwomba anisamehe, nikageuza karatasi upande mtupu, nikamwambia nipo tayari kuandika.

"Andika kwamba alikuwa fundi wa mashine, na alikuwa fundi mzuri," akasema. "Ukuta ulipofunguka, nusu ya wenzake hawakufika kazini asubuhi yake, akafanya kazi ya watu watatu. Baadaye kiwanda kikafungwa, wageni wakaambiwa warudi makwao, sisi tukahangaika mpaka tukafika huku, akaanza upya kwa kufagia. Alikuwa haoni la kujisifia hapo, ndiyo maana hakuwa akisimulia. Umeandika?"

"Nimeandika. Na usiku wenyewe, shemeji? Alikuwa wapi?"

"Usiku wenyewe alikuwa amelala. Redio ilisema, majirani wakagonga mlango, nikamwamsha mara mbili. Akanambia, 'Niache nilale, mke wangu, nina zamu ya alfajiri. Ukuta hauendi popote.'"