Siku Mama Mdogo Alipoondoka Upya

Nilipokuwa na miaka saba, nyumbani kwetu Woolwich, hapa UK, Bibi mzaa mama alikuwa na sheria moja ambayo hata mama yangu, nesi mzima, hakuthubutu kuivunja. Msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ipatikane habari kwamba kafika. Ukifagia, unafagia nyayo zake. Atarudi, Bibi alisema, lakini mahali pake hatapaona tena.

Siku Mama mdogo Rehema, mdogo wake mama, alipoondoka kwenda Japani kufundisha Kiingereza, nilimwaga bakuli zima la konfleksi kwenye zulia. Waliomsindikiza uwanja wa ndege walikuwa hawajarudi, na baba alikuwa anaoga. Niliogopa kugombezwa kuliko nilivyoogopa mkosi. Nikawasha mashine ya kufyonza vumbi, dakika mbili tu, nikairudisha kabatini. Sikumwambia mtu.

Alikaa kule miaka minne. Alirudi na sanduku la bluu, barua tatu za kumsifu, na uhakika kwamba angepata kazi kabla ya Krismasi. Alilala kwenye kitanda changu, mimi nikahamia godoro la chini. Kila siku aliandika maombi. Shule zilimwambia hana cheti cha ualimu, ofisi zikamwambia hana uzoefu.

"Miaka minne nimesimama mbele ya darasa," alimwambia mama jikoni, "halafu mtu ananiuliza tangu nimalize chuo nilikuwa wapi. Eti sina UK experience. Dada, mimi nimekulia hapa hapa."

Krismasi ikapita. Bibi akaanza kuuliza, kwanza kwa upole, kisha kila tukikaa kula. Jumapili moja aliweka kijiko chini.

"Rehema, ulifanya nini huko hata watu wasikutake? Aibu gani unatuficha?"

Mama mdogo alikuwa akiuviringa wali vidoleni, tonge lile lile, bila kulipeleka mdomoni. Sikuweza kuvumilia. Mimi nilikuwa mtoto wa kujibu Kiingereza kila nisemeshwapo Kiswahili, lakini siku ile nilisema kwa lugha ya Bibi ili asinielewe vibaya: "Ni mimi. Nilifagia siku aliyoondoka."

Nilingoja kofi. Badala yake uso wa Bibi ukakunjuka kama wa mtu aliyeona funguo alizozitafuta wiki nzima. Akasema dawa yake ni ndogo: Rehema aondoke upya na sanduku lake, arudi kwa njia nyingine, na nyumba isiguswe ufagio. Mama mdogo alinitazama. Nilitegemea hasira, nikaona shukrani.

"Sawa, mama," akasema.

Kesho yake tulipanda basi mimi naye mpaka Lewisham, sanduku likiwa tupu. Tulikaa kwenye benchi la kituo, watu wakituzunguka na mizigo yao ya kweli.

"Shule ya kule bado wananitaka," aliniambia. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuwajibu."

"Utaenda?"

"Contract ni ya mwaka mmoja mmoja. Nasoma sentensi, watoto wanarudia. Nikifika arobaini nitakuwa bado nasoma sentensi." Akakifunga kifungo cha koti, akakifungua. "Na hapa ndiyo hivi unavyoona."

Nilimwambia asiende, dawa ya Bibi itafanya kazi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliamini hivyo kwa moyo wote. Tukarudi kwa basi jingine. Bibi alitungoja mlangoni, akamkaribisha kama mgeni aliyetoka mbali. Barua ya Japani haikujibiwa.

Siku ya tatu simu ikaja: kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, kuogesha na kulisha, aanze Jumatatu. Bibi alishukuru hadi machozi yakamtoka. "Mmeona? Mkosi umetoka." Mama mdogo akasema asante, akaenda kupimwa sare.

Hiyo ndiyo kazi anayofanya mpaka leo, na wazee wake wanampenda. Mwaka jana nilimsaidia kujaza fomu fulani. Nilipofika kwenye miaka ya Japani akaniambia niandike tu kwamba alikuwa nyumbani.

Kwa muda mrefu nilijisifu kwamba nilimwokoa siku ile mezani. Sasa naona nilichofanya: nilimpa Bibi jibu, na baada ya jibu kupatikana Mama mdogo hakuwa tena na pa kulalamikia. Angesema nini? Mkosi ulishatolewa mbele ya familia nzima, kazi ikaja, Bibi akafurahi mpaka alipofariki. Kusema kwamba si kazi aliyoitaka kungekuwa kumwita mama yake mwongo. Tangu siku ile hakuna mtu nyumbani kwetu aliyemuuliza alitaka kuwa nani. Hata mimi sijamuuliza.