Leo Inchi Ngapi?

Fundi wa makochi alikuwa na sindano za aina mbili. Ile ndefu iliyopinda alishonea vitambaa vya viti, na ile fupi alijidungia mwenyewe tumboni, kwa sababu ya kisukari alichokuwa nacho tangu shuleni.

"Mimi na kochi ni mtu na ndugu yake," alizoea kusema. "Tofauti ni moja tu: lenyewe likimwagiwa soda halipelekwi hospitali."

Mama yake alicheka, lakini jicho lake halikubanduka kwa mwanawe. Alikuwa mwanamke wa kuchungulia. Alichungulia sahani kama imemalizwa, viatu kama vimetoka, hata pipa la taka. Kwa hiyo ndiye aliyegundua kwamba mwanawe ameacha kupiga mluzi. Kisha akaacha kunyoa ndevu. Kisha wateja wakaanza kuja nyumbani kuulizia viti vyao, naye yuko kitandani amegeukia ukuta.

Kliniki, muuguzi alizungumza na fundi kwa muda mrefu, halafu akamwambia mama, "Ni sonona."

"Haya, mwanangu. Inapatikana duka lolote la dawa, au mpaka hapa kwenu?"

Muuguzi akauma midomo. Fundi, ambaye hata tabasamu lilikuwa limempotea, akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Mama, sonona ndiyo ugonjwa wenyewe!"

"Na kisukari kimeshajaa humo, huo mwingine unauweka wapi?"

Muuguzi akaeleza kwamba maradhi yasiyoisha huchosha mpaka moyo, na kwamba uchovu huo nao hutibiwa. Akampangia fundi siku za kurudi waongee. "Na ukiulizwa kama u mzima," akaongeza, "usijibu 'mzima' kwa mazoea."

Fundi akalichukua neno hilo kifundi. Unene wa sponji ya kochi hupimwa kwa inchi. Basi na moyo upimwe hivyo hivyo. Ikawa kila asubuhi mama akigonga mlango anauliza, "Inchi ngapi?" na sauti inajibu toka ndani, "Mbili, mama, na imebonyea upande mmoja." Siku nyingine, "Nne! Leta chai." Ikiwa moja, mama huingia akakaa naye. Sita haikuwahi kutajwa. "Sita ni za makochi ya mabosi," fundi alisema.

Asubuhi moja akapita jikoni haraka, akielekea karakana.

"Inchi ngapi, baba?"

"Mzima, mama. Mzima kabisa."

Mwiko ukamponyoka mama. Angesema moja, mama angejua la kufanya. Lakini mzima? Akatoka mbio, ndala moja ya bluu, nyingine ya kijani.

Karakana mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani, fundi amejilaza juu ya kochi la mteja lililovuliwa kitambaa, anatazama dari. Mfuko wake wa dawa ulikuwa mezani. Jana mchana mama alikuwa ameufunga zipu kwa uzi mwekundu, makusudi. Uzi ulikuwa pale pale.

Mama akajitupa kwenye kiti cha karibu, na springi ikampokea.

"Uwi! Kiti gani hiki kinang'ata watu?"

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika. Ni kicheko au kilio, mama hakuuliza.

"Inchi ngapi?" alisema, huku akijisugua.

"Hakuna sponji, mama. Mbao tupu. Nimechoka kujichoma. Nimeacha tangu jana."

"Hata mbao hukaliwa. Sogea."

Akasogea. Wakakaa bega kwa bega, mpaka fundi akakubali muuguzi apigiwe simu. Muuguzi akasema waje sasa hivi, apimwe sukari kwanza, mazungumzo yatafuata. Fundi akauchukua mfuko, akaukata uzi kwa meno.

"Mama, siku hizi unanitega kama panya?"

"Panya angekuwa ameshaukata jana."

Mlangoni, fundi alizitazama zile ndala, kisha akamtazama mama usoni. "Na wewe? Inchi ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. "Mimi? Mimi mzi..." Akaumeza mwisho wa neno. Macho yakamlowa. "Moja na nusu."

"Basi nigawie hiyo nusu," fundi akasema, akamshika mkono.